Mwezi Aliougawa Audax wa Makebuko

Audax wa Makebuko hajawahi kufuga ng'ombe hata mmoja, lakini sijui mtu mwingine katika Gitega nzima aliyegawa ng'ombe wengi kuliko yeye. Amegawa weusi, amegawa wekundu, amegawa wenye baka jeupe kwenye paji na wenye pembe ndefu zisizopita mlangoni. Amewagawa Mutoyi, amewagawa Bugendana, amewagawa hata kwa watu wa Bujumbura waliokuja na suti na haraka zao. Kazi yake, ukiacha kulima, ni kusema. Familia ikienda kutoa mahari humchukua Audax awe msemaji wake, na kwetu msemaji asiyejua kugawa ng'ombe ni sawa na padri asiyejua kubariki.

Kama wewe si wa huku, ngoja nikueleze. Siku ya mahari familia mbili hukaa zikitazamana, mtungi wa pombe ukiwa katikati. Kile ambacho ukoo wa msichana utapokea kweli kimeshapatanwa zamani, chumbani, na watu wasiopenda hotuba. Lakini uani panasemwa ng'ombe. Msemaji wa mvulana husimama akamtaja ng'ombe kwa jina, kwa rangi, kwa maziwa yake na kwa mlima anakochungwa. Msemaji wa msichana humkosoa, humdharau, hutaka mwingine, na mwishowe hupiga makofi ya shukrani. Makofi yakishapigwa, ng'ombe ametoka. Hakuna aliyemwona na hakuna atakayemwona, ila nimewahi kuamua ugomvi wa wanawake wawili hapa Makebuko waliobishania mkia wa ng'ombe ambaye hakuzaliwa.

Mimi ni Theodosia, jirani yake. Mpaka wetu ni mstari wa migomba. Sote wawili tulikulia Tanzania, kambini, ndiyo maana watu wa hapa hutucheka kwa Kiswahili chetu cha shule. Tuliporudi, Audax aliwakuta watu wengine katika shamba la baba yake. Walikuwa wamekwisha kupanda kahawa na kuzika wafu wao humo, na mtu hawezi kumfukuza maiti. Wazee wakagawanya, Audax akapewa kipande ambacho ukilala chali kichwa chako kiko kwako na miguu iko kwa jirani. Akalima nusu siku, kipande kikaisha. Basi muda uliobaki akaanza kulima maneno, na huko mavuno hayakumkosa.

Kitu kingine anachokipenda ni redio. Huitundika kwenye mgomba na kuisikiliza yote, hata matangazo ya vifo ya mikoa asiyoijua. Siku moja mwezi wa Agosti, nikiwa naanika maharage, nikamsikia anapiga kelele.

"Theodosia! Wamepata mwezi mwingine!"

"Nani kaupata?"

"Wataalamu, kwa darubini iliyoko angani. Mwezi wa Uranusi!"

Mimi nilidhani Uranusi ni mmoja wa mapadri wa Kitaliano wa Mutoyi, nikauliza padri anafanya nini na mwezi. Audax akavuka migomba kuja kunifundisha. Uranusi ni sayari kubwa ya barafu, mbali kabisa, mwaka wake mmoja ni miaka yetu themanini na minne, yaani mtu anazaliwa, anaoa, anagombania shamba na kufa kabla haijamaliza duara. Miezi yake iliyojulikana ilikuwa ishirini na minane. Huu mpya ni mdogo sana, upana wake kama kilomita kumi, nao hukimbia karibu na mama yake, ukimzunguka kwa muda usiofika saa kumi. Chombo cha angani kilipita huko sisi tukiwa watoto, kikaupita bila kuuona.

"Na jina lake?" nikauliza.

"Hauna jina bado. Una herufi na namba tu."

"Kama sisi kambini."

Sikukusudia kumchoma, lakini alinyamaza, na Audax kunyamaza ni habari ya kutangazwa redioni. Tangu siku hiyo mwezi ule ukawa kama ndugu yake. Watu wakiongea habari za sukari kukosekana, yeye anaongea Uranusi. Wakiongea habari za petroli, yeye anasema kule juu unazunguka bila tone la petroli. Tulimvumilia. Kila mlima una mtu wake wa namna hiyo, na mwingine angekunywa pombe.

Sasa Prosper. Prosper ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi. Ni seremala, anatengeneza vitanda na milango pale senta. Msichana wake anaitwa Upendo, wa Gasorwe huko Muyinga. Walisoma darasa moja kambini, kisha malori yakawarudisha nyumbani, moja likaenda Gitega na jingine Muyinga. Wakashikana kwa simu miaka yote hiyo. Prosper alimtengenezea kitanda cha ndoa kabla hata hajaomba ruhusa kwangu, nikajua basi, huyu hasikii tena. Ilibaki kutoa mahari. Msemaji akawa nani? Nani tena.

Tulikwenda Gasorwe kwa Hilux ya kubebea ndizi, baada ya kutafuta petroli kama dawa ya mgonjwa mahututi. Kule tulipokewa na Damiano, baba mkubwa wa Upendo. Baba mzazi alishafariki. Damiano ni mushingantahe, mmoja wa wazee wanaoamua mashauri ya mlima, na fimbo yake ya kuamulia haimtoki mkononi hata anapokula. Siku ile alikuwa pia msemaji wa msichana. Mengi yalisemwa kwa Kirundi, nami nayaandika kwa Kiswahili changu.

Audax akatoa ng'ombe wa kwanza, mwekundu, wa kwenye mabonde ya Ruvubu.

"Huyo namjua," alisema Damiano. "Mwaka jana alipita hapa mdomoni mwa mtu wa Karuzi. Alikuwa anachechemea."

Watu wakacheka. Audax akatoa wa pili, mweusi, mwenye maziwa ya kulisha mlima mzima.

"Maziwa ya Makebuko ni mepesi. Mtoto wetu atakonda."

Akatoa wa tatu, wa nne, kila mmoja na jina lake na ukoo wake, na kila mmoja Damiano akamrudisha kwa tabasamu, kabla ya kuwapokea wote kwa mpigo mmoja wa makofi. Kwa kawaida shughuli huishia hapo. Lakini Damiano alikuwa amemshinda Audax mbele ya watu, na Audax alilijua hilo. Nilimwona anatazama juu, jua kali, hakuna kitu. Nikasema moyoni, Mungu wangu, usimfungulie mdomo.

"Ng'ombe ni wa wazee," alisema. "Pombe ni ya wajomba. Kitenge ni cha mama. Je, msichana mwenyewe anaondoka na nini? Sisi watu wa Makebuko tunampa Upendo mwezi! Si huu wa kila mtu, unaowamulikia hata wezi. Ni mwezi wake, mpya, unaozunguka Uranusi, upana wake kilomita kumi, na haujakanyagwa na mguu wa mtu!"

Vigelegele vikapasuka uani. Vijana wakaruka. Hata Upendo, aliyetakiwa kuinamisha uso kwa haya, aliuinua. Damiano peke yake hakucheka. Aliinuka, akaegemeza fimbo begani, akapiga makofi matatu yaliyokauka.

"Tumeupokea," alisema. "Ni wa mtoto wetu."

Audax, badala ya kucheka yaishe, aliinamisha kichwa kama mtu aliyetoa kitu kilichomuuma. Nikamvuta koti.

"Sema ulikuwa unatania."

"Theodosia," alininong'oneza, "msemaji hatanii."

Kwetu mtu akipewa ng'ombe, humrudia aliyempa na mtungi wa pombe. Kwa Kirundi husemwa gukura ubwatsi, kutoa nyasi. Pombe hiyo ikishanywewa, zawadi imethibitika, na atakayeikana amejiaibisha na ukoo wake. Kwa ng'ombe wa Audax hakuna aliyewahi kuja na mtungi. Watu si wajinga. Wiki chache baadaye, nikiwa nachota maji, naona watu watatu wanashuka kwa Audax na mtungi wa pombe ya mtama. Damiano alitangulia. Nyuma yake walikuwa kaka zake Upendo, Adriano mkubwa na Longino mdogo.

"Tumekuja kutoa nyasi za mwezi," alisema Damiano.

Kumbe alikuwa amechunguza. Alimuuliza mwalimu, akasikiliza redio, akaambiwa ni kweli, upo. Sasa fikiria balaa lenyewe. Katika vyote alivyogawa Audax maishani mwake, kile tu ndicho kilichokuwepo kweli.

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi bado. Angekataa tu mrija wa kunywea pombe, akasema wazee tulicheka siku ile, tucheke na leo. Mimi nilimkazia macho hadi yakaniuma. Audax akashika mrija, akanywa, akafuta mdomo.

"Aliyepewa ng'ombe huonyeshwa," alisema Damiano. "Msichana hatatoka kwetu mpaka tuone alichopewa. Harusi itangoja."

Prosper alikuwa amekuja mbio kutoka karakana, vumbi la mbao nyusini. Aliyasikia hayo maneno akakaa chini, hapo hapo kwenye majani. Kitanda chake kilikuwa tayari kimepakwa vanishi.

Walipoondoka nikamshukia Audax kama mvua ya mawe. Nilimwambia kijana anakosa mke kwa sababu ya mdomo wake. Nilimwambia aende Gasorwe aseme ni utani. Prosper naye alimwomba, kwa adabu kuliko mimi.

"Baba Audax, tafadhali. Neno moja tu."

"Neno hilo moja litaua ng'ombe wangu wote," alisema Audax. "Nikisema mwezi ulikuwa utani, watu watauliza na yule mwekundu wa Mutoyi je? Na yule wa Bugendana? Mwanangu, kuna ndoa za watu zimesimama juu ya ng'ombe wale. Nitawaonyesha mwezi wao. Niacheni."

Kesho yake alikwenda Gitega mjini, mimi nyuma yake, maana sikumwamini tena hata njiani. Karibu na soko kuna kijana wa Kiislamu, Zuberi, anayetengeneza simu na kuchapa picha za harusi. Audax akamwomba amtolee picha ya mwezi mpya wa Uranusi. Zuberi akatafuta kwenye simu, mtandao ukivuta miguu, kisha akatusogezea kioo.

"Bon, mzee, njo hii? Mi naona tu katone. Labda simu iko na vumbi." Akafuta kioo kwa shati. Tone likabaki. "Haitoki. Basi iko yenyewe."

"Likuze," alisema Audax.

"Nikikuza inapotea, mzee wangu. Bora tuache vile iko. Ama nikuwekee rangi ya doré, ya dhahabu? Kwa mariage inapendezaka."

"Usiiguse. Hiyo ni mali ya mtu."

Zuberi akanitazama mimi, nami nikatazama barabarani. Picha ikachapwa, ikafungwa ndani ya plastiki ngumu isije ikalowa. Ukiiangalia ilikuwa giza, mwanga mkubwa wa sayari katikati, na pembeni kidoa ambacho mama yeyote angekikwangua kwa ukucha. Audax aliibeba kifuani mpaka Gasorwe kama anavyobebwa mtoto wa kubatizwa.

Mimi nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuchekwa. Nilijua watatucheka, Audax ataaibika, Damiano atashiba, kisha harusi iendelee. Aibu ya Audax haikunihusu sana kwa wakati ule, nasema kweli. Picha ikazungushwa mkono kwa mkono uani pa Damiano. Watu wakaitazama wima, wakaitazama kwa kuigeuza. Hakuna aliyecheka. Adriano, ambaye anauza mitumba Muyinga mjini na hupenda Kiswahili cha huko, ndiye aliyeuliza.

"Mzee, we ulisema kilomita kumi? Ni kama hapa mpaka karibu Muyinga?"

"Karibu hivyo."

"Na kule iko nani?"

"Hakuna mtu."

"Hata mtu moja? Hata église?"

"Hakuna kanisa, hakuna kambi ya jeshi, hakuna aliyerudi kutoka uhamishoni kudai cha babu yake. Hakuna."

Pakawa kimya. Msomaji, kama hujakaa Burundi hutaelewa kimya kile. Sisi ni nchi ambayo ndugu hushtakiana kwa upana wa mpini wa jembe. Watu wanaua kwa ajili ya mfereji. Halafu anakuja mzee wa Makebuko anakuambia kuna kilomita kumi, tupu, na dada yako ndiye mwenyewe.

"Na maji?" aliuliza Longino, sauti imekauka.

"Sayari yenyewe ni ya barafu," alijibu Audax. "Maji hayatakosa."

Hapo ndipo harusi ilipokufa kwa mara ya pili. Mwanzo haikufungwa kwa sababu mwezi hauonekani. Sasa haikufungwa kwa sababu umeonekana. Adriano alisema dada akiolewa atauhamishia Makebuko, na mali ya ukoo itakuwa imepotea. Longino akasema kweli kabisa, tena yeye anataka upande unaotazama sayari, kwa sababu ya mwanga. Adriano akasema mzaliwa wa kwanza huchagua kwanza. Longino akasema hivyo ndivyo alivyochagua na bondeni, akamwachia yeye mawe. Ikabidi watu wawatenganishe. Nimeishi kambini, nimeona watu wakipigania unga, magunia na zamu ya bomba, lakini wanaume wazima kushikana mashati kwa ajili ya upande wa kidoa sikuwa nimeona.

Upendo alitoka jikoni akasimama mlangoni, mikono ina unga wa muhogo. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Shauri likapelekwa mbele ya bashingantahe wa mlima, siku iliyopangwa, kwenye mabenchi nyuma ya nyumba ya Damiano. Wazee walikuwa watatu. Mmoja wao ni Damiano mwenyewe. Alikuwa msemaji wa msichana, ni baba mkubwa wa wagombanao, na sasa ni hakimu. Kwetu mtu mwenye heshima hapungukiwi na viti.

Njiani kwenda huko nilimtazama Prosper. Alikuwa amekonda mashavu. Mimi nilimwambia Audax kwa mara ya mwisho.

"Leo ukikaa kimya, mtoto huyu hataoa. Unasikia?"

"Nasikia," alisema, na sikumwona kama mtu wa kugawa ng'ombe siku ile. Alikuwa mzee tu, na koti lake lilikuwa kubwa kwake.

Adriano alisema kwanza, Longino akafuata. Kwa mara ya kwanza walikubaliana. Msichana harithi ardhi. Mashamba ya marehemu baba waligawana wao wawili, kahawa yote na migomba yote, Upendo hakupewa na hakulalamika. Kama hairithi ya chini, atairithije ya juu? Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali. Huo ulikuwa mlolongo mzuri wa mawazo, hauna pa kuushika. Damiano akasimama.

"Mwezi ni wa ukoo," alisema. "Adriano atachukua nusu anayoitaka, Longino nusu inayobaki. Mpaka wao wataupatana wenyewe. Upendo atatamka hapa mbele yetu kwamba ameuachia, kisha aolewe kwa amani."

Nilipumua. Prosper akapumua. Neno moja la msichana, kuhusu kidoa, na kitanda kingepata wenyewe. Tulimgeukia wote kwa tabasamu la watu wenye haraka.

"Siuachii," alisema Upendo.

Alisema kwa Kiswahili kile kile chetu cha kambini, pole pole, kila neno likisikika.

"Shamba la baba sikuuliza, kwa sababu sikupewa. Huu nilipewa. Nilitajwa kwa jina, baba mkubwa akapiga makofi, akasema ni wa mtoto wetu. Pombe ikanywewa Makebuko. Ninyi wenyewe husema ahadi ni deni. Sasa kwa nini deni langu mnalipwa ninyi?"

"Basi hutaolewa," alisema Damiano.

"Basi."

Prosper alifumba macho. Mimi nilitaka kumpiga yule msichana, na nilitaka kumbeba mgongoni, yote kwa pamoja. Hapo ndipo Audax aliposimama. Nilitegemea hotuba. Alivua kofia.

"Wazee, mimi ni mwongo," alisema. "Mwezi ule si wangu. Niliusikia redioni. Nilikuwa nimeishiwa ng'ombe, nikashika kilichokuwa karibu na moyo wangu. Sina mwezi, na hata ng'ombe sijawahi kuwa nao. Nifutieni jina langu, nisiseme tena popote. Waacheni watoto waoane."

Akakaa. Hivyo tu. Mtu aliyechuma heshima yake neno kwa neno tangu arudi, aliimwaga yote kwa pumzi moja, kwa ajili ya mtoto ambaye hata si wa ukoo wake. Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimemchamba. Adriano alianza kucheka, akidhani shauri limekwisha.

"Ile yote ilikuwa bure! Mi nilisema," alisema, ingawa hakusema.

"Haijaisha, kaka," alisema Upendo. "Mzee Audax amesema ng'ombe pia hawapo. Mahari yangu ni ng'ombe wale. Mliwapokea mlimani hapa, mkawapigia makofi, mkawatangazia majirani jinsi dada yenu alivyotolewa. Kama maneno ya Audax ni upepo, basi mimi sijatolewa mahari, na ninyi mmenitangaza bure. Kama maneno yake ni kweli, ng'ombe ni wenu na mwezi ni wangu. Wazee, chagueni. Lakini mdomo ni mmoja."

Sijawahi kuona wazee wakiinuka kwa haraka vile. Walikwenda nyuma ya zizi kuulizana, zizi ambalo lenyewe lilikuwa na mbuzi tu. Kutoka kwenye benchi tuliona fimbo zikipanda na kushuka. Ng'ombe wale walikuwa wameshasifiwa kanisani, sokoni, hata kwenye msiba mmoja. Kuwaua sasa kungekuwa kuuvua ukoo wote nguo mbele ya Gasorwe.

Waliporudi, Damiano hakukaa. Alimwita Adriano mbele.

"Mwezi ule unaweza kuulima?"

"Hapana, mzee."

"Longino, unaweza kuchunga kule?"

"Hapana."

"Kuna anayeweza kufika?"

Watu wote wakasema hapana, na wengine wakatazama juu kuhakikisha.

"Basi," alisema Damiano, akapiga ardhi kwa fimbo, "mwezi ni wa Upendo. Ng'ombe ni wetu, na maneno ya Audax ni kweli. Harusi iendelee."

Prosper aliruka benchi. Wanawake tukapiga vigelegele, mimi nikivipiga kuliko wote. Ni katikati ya vigelegele hivyo ndipo nilipovikatisha vyangu. Nilikuwa nimesikia yale maswali matatu. Kabla ya kumpa msichana ardhi ya kwanza katika mlima ule, wanaume wale walihakikisha kwanza kwamba haina udongo, haina majani na haina njia. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, hapo hapo kwenye furaha ya mtoto wangu, na sikumficha mtu. Mama mmoja wa Gasorwe aliniuliza nalia nini. Nikamwambia nalia hasira, mama, ngoja ipite.

Adriano naye alikuwa amerudi kwenye ukarimu wake.

"Achukue tu, iko yake. Kule hakuna hata udongo," aliwaambia watu, akicheka.

Longino hakucheka. Yeye ni mtu wa kuhesabu mbali. Alimsogelea dada yake mbele ya wazee, akainua kidole.

"Sawa, umepata wako. Sasa sema hapa, watu wasikie, kwamba habari ya kahawa ya baba imekwisha. Hutaiuliza."

Upendo alijifuta mikono kwenye kitenge, bila haraka. Alimtazama Audax, aliyekuwa bado ameshika kofia, kisha akamrudia kaka yake.

"Habari ya kahawa bado sijaianza," alisema. "Nikianza nitakuja mwenyewe, wala sitahitaji msemaji."

Longino aligeuka akatazama mlimani, kule ilikopandwa ile kahawa, akaitazama kwa muda mrefu.